Mkaa Unaokula Kwinini: Risala ya Wafanyakazi wa Dispensari ya Mlango wa Mau

Mgeni rasmi, Bwana Profesa wa Kamati ya Fedha za Uchunguzi wa Dawa, Bwana Daktari wa Wilaya, Chifu wetu, wazee wa baraza, akina mama mliotoka Olenguruone umande ukiwa bado majanini, na ninyi wafanyakazi wenzetu, hamjambo nyote.

Mimi ninayesoma naitwa Ishak Obeid, kompaunda wa hapa, yaani yule anayechanganya dawa. Nasoma kwa niaba ya wenzangu. Likitoka neno tamu ni la sote, na likitoka la kukwaruza, ujue limeandikwa na Ogola, dresa wetu, yaani msafisha vidonda, yule aliyeegemea mlango.

UKARIBISHO

Karibu Mlango wa Mau. Tumeambiwa umekaa Kenya miaka mingi na Kiswahili unakijua kuliko baadhi yetu, ndiyo maana hatukuweka mkalimani. Baridi hii isikutie wasiwasi. Ni baridi ya asubuhi tu. Ikifika adhuhuri itakuwa baridi ya adhuhuri.

Bwana Profesa, hatuna budi kusema tumestaajabu kukuona. Gari lako lilipopinda pale kwenye shamba la pareto, Naliaka, mkunga wetu, alikuwa akimfunga mtu kidonda, akaacha bendeji inaning'inia akaenda dirishani. Mwenye kidonda naye akamfuata. Wageni tunaowazoea huja kukagua vyoo na kuhesabu blanketi. Wewe umesafiri kutoka Nairobi kwa sababu tulikuuliza swali, na mpaka sasa hatujapata mahali pa kuiweka heshima hiyo.

Bwana Daktari wa Wilaya ndiye aliyetuambia habari za Kamati yako. Alisema kuna fedha zimewekwa kwa ajili ya kuendeleza kazi ya dawa, na mtu yeyote anaweza kuziomba. Tukamuuliza, ni fedha za mtu anayejua? Akasema hapana, ni za mtu asiyejua, mradi aweze kueleza vizuri ni kitu gani hasa asichokijua. Tulimfanya arudie. Sisi maisha yetu yote kutojua kumekuwa kosa. Karani asiyejua hufukuzwa, mwanafunzi asiyejua huchapwa, na mgonjwa asiyejua hufokewa. Kumbe chini ya jua hili kuna mahali ambapo kutojua kunaandikiwa maombi, na watu wazima wenye miwani wanakaa mezani kukusoma! Siku hiyo hakuna aliyefanya kazi ya maana hapa mpaka saa ya chai.

HISTORIA YETU, NA YA CHUPA

Dispensari hii ilijengwa baada ya vita kwisha, kwa mbao za msitu wa Mau na mabati yaliyopanda na gari la ng'ombe kutoka stesheni ya Njoro. Tunahudumia watu wa mashamba ya ngano huko chini, watu wa pareto hapa kati, na wafugaji wa juu hadi Olenguruone. Dawa zetu nyingi ni za maji. Nazichanganya ndani ya mitungi mikubwa, na mgonjwa anapewa ya kwenda nayo nyumbani.

Hapo ndipo palipo na shida ya chupa. Chupa ikishaingia nyumba ya Mau haitoki. Inatiwa mafuta ya taa, inatiwa samli, inatiwa asali, na mwisho inatiwa kitu ambacho Chifu yupo kwa hiyo sitakitaja. Hatuwalaumu, chupa nzuri ni mali. Lakini ndani ya mwaka mmoja tulibaki na chupa chache za kuweka dirishani kwa urembo. Ikaja amri kutoka juu, na bango likapigiliwa mlangoni: LETA CHOMBO SAFI.

Watu wetu ni watiifu. Wa mashambani wakaleta mikebe na masufuria, na akina mama wa Kipsigis wakaleta kile kilicho safi kuliko vyote nyumbani mwao, yaani kibuyu cha maziwa, ambacho wao hukiita sotet.

Nieleze kidogo, maana mimi ni mtoto wa mjini Nakuru na babu zangu walitoka pwani, nami sikuyajua haya mpaka nilipokuja hapa. Kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, hakioshwi kwa maji tu. Mama huchoma fimbo ya mti wa senetwet mpaka iwe kaa jekundu, akaiingiza ndani ya kibuyu na kusugua, akasugua, mpaka kuta za ndani ziwe nyeusi na kung'aa. Maziwa yakiwekwa humo hukaa siku nyingi, hayanuki, yanapata ladha ambayo mtu akiwa mbali na kwao huiota. Mgeni akichungulia ndani ataona weusi na kusema ni uchafu. Lakini weusi ule ndio usafi wenyewe, na mwanamke husifiwa au husengenywa kwa kibuyu chake.

Kwa hiyo amri ya chombo safi iliwafikia watu wanaojua usafi. Nasi tukamimina.

HABARI ZA CHELANGAT

Mwaka wa 1956, mvua za masika zilipoanza, mama mmoja aitwaye Chelangat alirudi na mumewe kutoka Subukia walikokuwa wakichuma kahawa. Binti yao Cheptanui, wa miaka minne, alirudi na homa ya huko bondeni. Chelangat alimbeba mgongoni mpaka hapa, kibuyu mkononi. Nilimpa kwinini ya maji, kipimo cha mtoto. Akarudi mtoto hajapona, nikampa tena. Aliporudi mara nyingine, mkubwa wetu wa wakati ule, ambaye amekwisha hamishwa, alimsimamisha mbele ya foleni.

"Mtoto unampa dawa kweli?"

"Nampa."

"Basi unatia maji. Ninyi mnaona ni chungu, mnamwaga, halafu mnakuja kutulilia hapa."

Kwenye kadi ya mtoto aliandika kwamba dawa haikunywewa. Mtoto akazidiwa. Tulipopata gari la kumpeleka Nakuru, hakuvuka Njoro.

Maneno yale ya foleni yalifika nyumbani kabla ya maiti. Ikawa Chelangat ndiye mama aliyemwaga dawa ya mwanawe. Mama mkwe wake, Bibi Chepngeno, hakumtukana, alinyamaza tu, na wanaojua mama wakwe wanajua lipi ni zito. Akina mama wengine wakaacha kumshikisha watoto wao hata kwa dakika moja wanapochota maji.

Naliaka alipanda kwenda kutoa pole. Alifuatana na Kipkemei, mwenzetu anayeandikisha wagonjwa na kututafsiria Kikipsigis. Walipokwisha kunywa chai, Chelangat aliingia ndani akatoka na kibuyu.

"Dawa bado iko," akasema, na Kipkemei akawa anatafsiri kwa Kiswahili chake cha hukuhuku. "Mimi sijamwaga. Onja."

Naliaka akaonja. Ni mtu mkweli, akasema alichokiona.

"Mama, pole sana, lakini hii imetiwa maji."

"Haijatiwa."

"Kwinini naijua. Mtu akiionja leo, kesho bado anatema mate. Hii imekuwa maji."

Chelangat hakulia wala hakugombana. Aliuliza kama Naliaka amebeba dawa. Ndiyo, alikuwa na chupa ya kwinini ndani ya kikapu, ya mgonjwa mwingine wa njia ile.

"Basi hii mimi namwaga chini sasa, wewe ukiona. Tia yako ndani ya kibuyu yangu, tia na mkono yako. Ingine ibaki kwa chupa. Funga mdomo na kitambaa yako. Lala hapa. Kesho tuonje."

Bwana Profesa, mwanamke huyu hajasoma hata darasa moja. Alikuwa ameshtakiwa, na alichodai ni haki ya mshtakiwa, kwamba jambo lijaribiwe mbele ya macho. Barabara ilikuwa tope tupu, wakalala.

Asubuhi mafundo ya kitambaa yalikuwa vilevile kama Naliaka alivyoyafunga. Walikuwapo Bibi Chepngeno, mume wa Chelangat na majirani. Naliaka akaonja kwanza ya chupa. Ilikuwa kwinini ya kweli, ya kukunja uso. Akasukutua, akaonja ya kibuyu, akasubiri uchungu uje. Anasema alisubiri sana. Ulikuja mdogo, wa mbali, umechanganyika na harufu ya moshi. Kipkemei naye akaonja, kisha Bibi Chepngeno akanyoosha mkono apewe kijiko. Bibi huyu amekunywa kwinini tangu enzi za baba yake Chifu. Alionja vyote viwili, akaweka kijiko chini.

"Hajatia maji," akasema.

Chelangat alicheka. Ndiyo, alicheka kwa sauti mbele ya watu wote, mara ya kwanza tangu mazishi. Halafu kicheko kikakatika, akakigeuza kibuyu kuelekea mwanga, akachungulia ndani. Naliaka anasema alimwona akielewa, na kwamba angelipa chochote asione vile.

"Maziwa nasugua mara moja," Chelangat akasema. "Hii nilisugua mara mbili. Kwa sababu ni dawa."

Hapa Naliaka aliniomba niruke. Wenzangu wakasema nisome, na mwenyewe Chelangat, ambaye ameketi pale safu ya pili, akasema nisome. Nimesoma.

TULIYOYAFANYA BILA FEDHA

Naliaka na Kipkemei waliporudi hatukuwaamini. Mimi hasa. Kwinini ni kitu cha ajabu. Ni ganda la mti wa ng'ambo ambalo tone lake moja likiingia ndani ya ndoo ya maji, ndoo nzima huwa chungu. Nimeichanganya miaka yote hii, na hata ugali wangu wa jioni una ladha yake. Nikasema uchungu wa kwinini hauna pa kwenda. Uende wapi?

Tukafanya jaribio letu. Kwinini ileile, ya mtungi mmoja, tuliitia ndani ya chupa, ndani ya sufuria, ndani ya vibuyu vya maziwa vilivyosuguliwa kwa mkaa, na ndani ya kibuyu cha uji kutoka Subukia, ambacho hakijawahi kuona mkaa. Asubuhi tukaita waonjaji. Wengi walikuja kwa sababu Ogola aliwaambia kuna kionjo cha bure na hakusema ni cha nini. Mzee mmoja alipokwisha kuonja ya sufuria alimtazama Ogola akasema, "Mungu anakuona." Tangu siku hiyo hampi mkono.

Ya chupa ilibaki chungu, ya sufuria chungu, na ya kibuyu cha uji chungu pia. Ya vibuyu vya mkaa ilikuwa imefifia, na kadiri ilivyokaa ndivyo ilivyozidi kufifia. Hatusemi imekwisha. Tunasema imepungua, na hatuwezi kusema kwa kiasi gani, kwa sababu kipimo chetu ni ndimi za watu na ndimi hazikubaliani. Lakini hakuna hata mmoja aliyechanganya kilichotoka kwenye mkaa na kisichotoka humo. Tatizo si kibuyu, basi. Ni mkaa.

Nilikwenda nyuma ya jengo peke yangu nikakaa juu ya gogo. Nilikuwa nimeshika kipande cha mkaa wa senetwet, kitu chepesi kisicho na uzito wa kikombe, kinachoacha weusi vidoleni na basi. Humo ndani ulikuwa umeingia uchungu ambao nilidhani hakuna kitu duniani kinachoweza kuuzuia. Nimelelewa kusema Subhanallah mtu anapoona uwezo wa Muumba, na neno hilo nimelisema mara nyingi kwa mazoea. Siku ile nililisema kwa sababu nilikuwa nimeuona. Kipkemei, ambaye ni Mkristo, alinikuta pale akakaa karibu yangu.

Kisha hofu ikaingia. Kwinini tumeionja kwa sababu ni chungu. Je, dawa zisizo na ladha? Tutajuaje ni ipi imeliwa na mkaa na ipi imesalimika? Tumemimina dawa ngapi ndani ya vibuyu vile, na ni mama gani wengine walioitwa waongo?

Na upande wa pili wa hofu hiyo kuna jambo linalotutia hamu. Mashambani watoto hunywa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kutojua. Mkaa ukiwa unakula dawa, hauwezi kula sumu? Labda huko kwenu mambo haya yote yameandikwa tangu zamani, na sisi tunaamsha watu kwa habari ya jana. Ikiwa ni hivyo, Bwana Profesa, tutafurahi sana kuonyeshwa kitabu. Ila tutaomba pia kuambiwa kwa nini hakikupanda mlima huu kabla ya masika ya 1956.

SHIDA ZETU

Kwanza ni bango. Bado liko mlangoni, umelipita ukiingia, ila hukuliona. Liliwekwa kwa amri na haliondolewi ila kwa amri. Tulipoandika kuomba liondolewe, tulijibiwa kwamba amri za serikali hazibadilishwi kwa sababu ya mambo ya kuonja. Kwa hiyo Ogola alitundika koti lake juu yake. Koti hilo halijatoka hapo, hata wiki ile ya barafu Ogola alipokuwa akifanya kazi huku meno yanagongana. Hapa Mlango wa Mau tunawaambia akina mama wasilete kibuyu cha mkaa. Lakini bango kama hili liko kwenye dispensari nyingine, na huko hakuna Ogola.

Shida ya pili ni wazee. Walipopata fununu walikuja kutuuliza kama tumeanza kuyatukana maziwa yao. Mmoja alisema, "Mkituambia mursik ni mbaya, tutawarudishia na hiyo kwinini yenu." Tuliwajibu, na leo tunarudia mbele ya mgeni: mkaa haujakosa chochote kwa maziwa. Mkaa unafanya kazi uliyopewa na mababu, na unaifanya vizuri mno. Sisi ndio tuliouletea kazi nyingine bila kuuliza. Lakini maneno matupu hayawatoshi wazee, nao wana haki. Wanataka kujua ni dawa gani na kwa muda gani, na kama kibuyu kikioshwa namna nyingine kinafaa. Hatuna jibu.

Shida ya tatu ni sisi wenyewe. Maombi yetu ya kwanza kwa Kamati yalirudi. Tuliyaandika kwa adabu, tukaanza kwa salamu na hali ya mvua, na mahali palipoulizwa mwombaji ana shahada gani, tukajibu kwamba tuna mizani. Sasa tumeambiwa hilo halikuwa jibu. Bwana Daktari wa Wilaya alitusaidia kuandika ya pili, akazitoa salamu zote. Tulisikitika kidogo kuziona zimefutwa, lakini ndiyo yaliyokuleta.

MAOMBI

Ombi la kwanza ni dogo. Mbele yako kuna chupa na kibuyu, na kijiko kwa kila kimoja. Dawa ni ileile, ilitiwa jana asubuhi Chifu akitazama. Anza na ya chupa. Maji ya kusukutua yako upande wa kulia.

Hapa Ogola ameandika, "Ngoja aonje." Nangoja.

Ahsante, Bwana Profesa. Mstari unaofuata tuliuacha wazi, maana hatukujua uso wako utasema nini. Sasa tumeuona, na tunadhani hata walioketi nyuma wameuona.

Tunaomba Kamati itupe fedha za kufanya uchunguzi huu, na tunaomba ufanywe hapahapa. Vyombo vya kupimia vije, na mtu wa kutufundisha kuvitumia aje navyo, tutampa chumba na mursik. Tunajua Nairobi kuna maabara zenye taa na mabomba. Lakini vibuyu viko hapa, miti iko hapa, na akina mama wanaojua kusugua wako hapa. Jambo likibebwa likapelekwa mbali, jibu lake nalo hukaa mbali. Tunaomba pia chupa, na chupa zisingoje uchunguzi. Mgonjwa wa leo anaondoka leo.

Kuna mahali kwenye karatasi ya maombi pa jina la mchunguzi mkuu. Tumepaacha wazi kama tulivyoagizwa, aandikwe mtu mwenye shahada, nasi tutamtii na kumchotea maji ya kuoga. Lakini mahali palipoulizwa ni nani aliyeliona jambo hili kwanza, tumeandika Chelangat wa Olenguruone. Tunaomba asifutwe kama zile salamu.

Nimalizie na ombi ambalo si la fedha. Kabla ya kukuandikia tulipanda sote kwenda kumuuliza mama huyu kama anakubali. Tulikuwa tukiogopa. Uchunguzi huu utamwondolea kosa la uongo, lile la kumwaga dawa. Lakini vipimo vyenu vikisema kwa hakika kwamba mkaa uliila kwinini ya Cheptanui, basi vitasema pia ni mkaa wa nani, na uliingizwa kwa mkono gani. Kusugua kibuyu si kosa, wala hakuna baraza linaloweza kumhukumu kwa hilo. Ila moyo wa mama hauketi barazani. Tulimwambia anaweza kukataa, na kwamba tungeomba chupa tu, tukaliacha jambo lilale.

Alitumiminia chai kwanza, ndipo akajibu. Nitasoma maneno yake kama Kipkemei alivyoyatafsiri.

"Watu walisema nimemnyima mtoto dawa. Nilijua hiyo ni uongo, lakini ukweli sikujua. Nikalia tu, sijui nalilia nini. Sasa pimeni. Ikiwa ni mkono yangu, niambieni ni mkono yangu. Mimi nitalia na kitu ninaijua. Na wale wengine wanasugua leo kwa dispensari ingine, nani amewaambia?"

Kisha akatukabidhi kibuyu chenyewe. Ndicho kile kilichowekwa mezani kando ya mkoba wako, chenye mkanda wa ngozi na simbi. Siyo kile ulichoonja. Hiki ndicho cha Cheptanui. Amesema mnaweza kukipasua na kukwangua kuta zake. Ametoa sharti moja, nasi tumelifanya ombi letu la mwisho, na tukilazimika kuchagua kati yake na fedha, hatujui tungechagua nini. Jibu likipatikana, liwe lolote, lisiandikwe kwanza gazetini, wala lisisomwe barazani, wala lisiletwe na karani mlangoni. Uje wewe. Upande mpaka kwake, ukae kwenye kigoda, umwambie yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na usiondoke upesi.

Mungu aliyeuweka uchungu ndani ya ganda na nguvu ndani ya mkaa akulinde njiani, alinde nyumba yako, aifungue mikono ya Kamati, na akupe jibu la kweli pamoja na moyo wa kulileta mwenyewe.

Ni sisi wa Dispensari ya Mlango wa Mau: Naliaka, Ogola, Kipkemei na Ishak Obeid, pamoja na Chelangat, aliyesema tuonje.